Mlima Ule Ule, Abiria Yule Yule

Mdogo wangu hawezi kuacha kitu kama kilivyo. Ndiyo tabia yake tangu utotoni. Ukimpa redio ataifungua aone kama inaweza kupaza sauti zaidi. Ukimpa pasi ataifungua aone kama inaweza kushika moto upesi zaidi. Cherehani yangu ya kwanza aliifungua nikiwa sokoni, na niliporudi ilikuwa inakimbia kweli, ila sindano zilikuwa zinakatika kama njiti za kiberiti. Nilimkimbiza nyumba nzima na rula ya mbao. Mama akasimama katikati yetu, anacheka, ananiambia nimwachie kitinda mimba wake. Mimi ni kifungua mimba, na kifungua mimba hana wakili.

Alipokua, tabia ile ikageuka kazi. Ana gereji ya pikipiki kando ya barabara, banda la mabati lenye sakafu iliyokolea oili, linalogawana ukuta na fundi wa kuchomelea vyuma ambaye watu wote tunamwita Cheche. Mimi nashona nyumbani, chumba cha mbele, dirisha likitazama barabara hiyo hiyo. Marehemu baba yetu alikuwa msoma mita wa idara ya maji, na pikipiki aliyozungukia mji miaka yote ya kazi yake ndiyo aliyotuachia, pamoja na nyumba. Ni mashine ya zamani, gia nne, tangi limechubuka pale magoti yake yalipokuwa yakigusa. Mdogo wangu anaipenda kupita kiasi. Nilishamwambia akaioe.

Mama alipoanza kuugua uvimbe wa tumbo, hospitali yenye dawa zake ilikuwa upande wa pili wa mlima. Gari la abiria linauzunguka mlima kwa chini na safari inakula nusu ya siku. Mara ya kwanza Mama alitapika njia nzima, akateremshwa hajitambui. Pikipiki inapita juu, njia ya mkato, na ukishafika kileleni paa la hospitali unaliona. Ikaamuliwa kwamba kila Jumatano mdogo wangu ampakie Mama. Nilishona mkanda mpana wa kitambaa kizito, nikawa nawafunga wote wawili pamoja, mgongo kwa kifua, ili Mama akisikia kizunguzungu asianguke. Kufunga fundo ilikuwa kazi yangu. Dawa zile hazikuwa za kuahirisha, maana Mama akikosa Jumatano moja tu maumivu yalimlaza chini akiuma shuka.

Jumatano ya kwanza mashine ilifia kwenye kalavati, lile daraja dogo la mtaro, mlima haujaanza hata kuwa mlima. Mama ilibidi ashuke. Alipanda kwa miguu, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika kiti cha pikipiki, na mwanawe anasukuma. Aliporudi jioni mdogo wangu hakula. Alikaa uani anaitazama ile pikipiki kama mtu aliyemtukania mzazi.

"Mama," akasema mwishowe, "mashine hii ilizaliwa na nguvu za farasi kumi na moja. Kwa uzee huu wamebaki kama wanane. Wengine wamekufa."

"Pole zao," Mama akajibu kutoka kwenye mkeka. "Waliugua nini?"

"Ringi za pistoni zimechoka. Kabureta imeziba. Bomba la moshi limejaa masizi. Sitaki makuu, Mama. Nikiwafufua wawili, wa tatu nikamwiba hapa na pale, tutafika juu bila wewe kushuka."

"Na hao farasi wanakula nini?"

"Petroli."

"Basi usiwafufue wote, watatumaliza."

Tulicheka. Huo ulikuwa wakati kicheko kingali rahisi pale nyumbani.

Akaanza kazi. Ringi akabadilisha, kabureta akaifungua na kuisafisha kwa waya mwembamba kuliko sindano zangu. Jumatano iliyofuata wakaipita kalavati, mashine ikafia kwenye nguzo ya simu iliyoinama. Mama akatembea sehemu iliyobaki, lakini mdogo wangu alirudi uso unang'aa. Baada ya hapo kila wiki alikuwa na jambo jipya. Alitoboa kifuniko cha chujio la hewa ili mashine ivute pumzi ya kutosha. Akatia jeti, kile kijitundu cha kupitishia petroli, kubwa zaidi kwenye kabureta ili petroli ilingane na hewa. Bomba la moshi akalipeleka kwa Cheche, wakalipasua, wakatoa vyuma vya ndani vinavyobana moshi, wakalifunga tena, na tangu siku hiyo mtaa mzima ulijua anakwenda wapi na anarudi saa ngapi. Nyuma akaweka gurudumu la mnyororo lenye meno zaidi. Hilo, alinieleza, haliongezi farasi hata mmoja, linawapanga tu wavute pamoja.

Na kweli mashine ikapanda. Kutoka nguzo ya simu wakafika kwenye jiwe la kona. Kutoka jiwe la kona wakafika kwenye kibao cha kutu. Kisha ikaja Jumatano Mama hakushuka kabisa. Walifika kileleni kwa gia ya kwanza, mashine inalia, lakini walifika. Baada ya hapo ikawa gia ya pili. Mdogo wangu aliingia ndani anaimba, akambeba Mama juujuu kutoka kwenye pikipiki hadi kitandani, akisema, "Mama, gia ya pili! Baba mwenyewe hakuwahi kuupanda mlima ule na gia ya pili akiwa amekupakia!"

Alimbeba juujuu, na hakushtuka. Hapo ndipo nilipoanza kumkasirikia.

Mimi na Mama tulikuwa mwili mmoja. Si kwa mfano, kwa futi ya kupimia. Tangu nilipojifungua mwanangu wa pili, kiuno changu na chake, mabega yangu na yake, vilikuwa sawa, na gauni nililoshona kwa ajili yake nililijaribu mwilini mwangu. Tuliazimana nguo kama mtu na pacha wake. Sasa magauni yake nilikuwa nayapunguza. Kwanza nilibana pembeni. Baadaye nikafumua mabega. Baadaye nikaacha kubana, nikawa nakata upya. Na mkanda ule wa kitambaa, kila Jumatano nikifunga fundo, ncha zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko za wiki iliyopita.

Siku moja nimepiga magoti nyuma ya Mama mbele ya kioo, nina pini mdomoni, mdogo wangu akapita mlangoni akituelezea kwa mara ya tatu habari za jeti yake. Nikaangalia pini zangu. Nikaangalia mgongo wa Mama, mifupa imejipanga kama vifungo. Ndipo nikaelewa mashine ilikuwa inapandishwa na nini. Pini zilinitoka mdomoni zikamwagika sakafuni.

Mdogo wangu alipokwenda zake, Mama akaniambia bila kugeuka, "Nimekuona kwenye kioo."

"Mama, huyu mtoto ni kipofu?"

"Si kipofu. Mimi nakaa nyuma yake. Yeye anatazama barabara."

Na alijificha vizuri, hilo sitamnyima. Alivaa magauni mawili, juu yake sweta, juu ya sweta koti la baba, akisema mlimani kuna baridi. Uso wake nao ulimsaidia, maana dawa zilimvimbisha mashavu. Ukimtazama usoni ungesema ni mama aliyenenepa kidogo. Mdogo wangu humtazama usoni. Mikono yake ameizoesha kupima uzito wa vyuma, si wa wazazi.

"Nitamwambia," nikasema.

"Hutamwambia." Akaketi kitandani. "Tangu baba yenu afariki sijamwona akicheka hivi. Kila tukifika juu ananiambia gia, namwambia hongera, na yeye anafurahi kama amepasi mtihani. Dawa hazinipi kitu kama hicho. Niachie hilo, mwanangu."

"Mficha maradhi, kilio humuumbua."

"Kilio kikija kitaniumbua. Sasa hivi nipunguzie hilo gauni."

Nilimpunguzia. Nilimkasirikia mdogo wangu kwa ujinga wake, nikamkasirikia Mama kwa kuupenda ujinga huo, na usiku nililia kimya kimya ili watoto wangu wasisikie.

Mtu pekee aliyetia shaka ni Cheche. Nilikuwapo siku hiyo, nimepeleka pedali ya cherehani ichomelewe. Mdogo wangu alikuwa amewakusanya madereva wawili wa bodaboda, anawaeleza kwamba sasa wanapanda na gia ya tatu mpaka kibao cha kutu. Cheche akainua kinyago chake cha kuchomelea.

"Kijana," akasema, "lile bomba nimelichoma mimi mwenyewe. Haliwezi kukupa yote hayo. Labda siku hizi unauteremka mlima."

Watu wakacheka. Mdogo wangu akapandwa na jazba.

"Mzee Cheche, mimi sisemi tu, napima! Mlima ule ule. Petroli ile ile, kituo kile kile. Siku ile ile ya wiki. Abiria yule yule! Kipimo cha namna hiyo kinaweza kudanganya?"

Cheche akafikiri, akasema hapana, hakiwezi, akashusha kinyago chake. Mimi nilichukua pedali yangu haijachomelewa nikaondoka.

Kisha daktari akatuma ujumbe na vidonge vya wiki moja. Alitaka Jumatano hiyo mgonjwa apumzike nyumbani, na badala yake watoto wote wawili waje wamwone. Mdogo wangu alidhani ni habari njema. Alisema labda wanataka kutueleza namna ya kumlisha sasa kwa kuwa dawa zimemwelewa. Jirani akaja kukaa na Mama. Mama alinitazama nikipanda nyuma ya pikipiki, akataka kusema jambo, akalimeza.

Sikuwa nimewahi kukaa kwenye kiti kile tangu enzi za baba. Mashine ilinguruma kama simba, tukapita mtaani watu wakigeuka. Mdogo wangu aliinamia usukani, ananipigia kelele kupitia bega lake, "Shika vizuri, Dada! Leo utaonja farasi!"

Tukauanza mlima na gia ya tatu. Hatukwenda mbali mashine ikaanza kukohoa, akashusha ya pili. Ikaguna. Akashusha ya kwanza. Tuliipita kalavati mwendo wa mtu anayetembea, mashine ikatetemeka mara kadhaa, ikazima. Hatua chache tu juu ya kalavati, ungeweza kuitemea mate.

Akashuka. Akafungua plagi, akaisugua kwenye suruali, akairudisha. Akagusa mnyororo, akazungusha gurudumu la nyuma kuona kama breki imeng'ang'ania. Akafungua kikombe cha kabureta, petroli ikamwagika safi kabisa. Alikuwa anaongea mwenyewe, haraka haraka, "Si plagi. Si petroli. Jana nimekaza kila kitu. Wiki iliyopita hapa tulipita na ya tatu, hapa hapa." Nilisimama kando ya barabara nimeshika pochi yangu. Nilitaka kusema mashine za zamani ndivyo zilivyo, nilitaka kusema jua kali.

Akiwa bado amechuchumaa akanitazama. Alianza kwenye viatu, akapanda taratibu, kiuno, mabega, mikono, kama fundi anayetafuta hitilafu.

"Dada," akasema, "wewe na Mama si mnavaa gauni moja?"

"Tulikuwa tunavaa."

Alikaa chini barabarani, kwenye vumbi, na spana mkononi. Lori la kokoto likapita likatupigia honi na hakuinua kichwa.

"Mlijua," akasema.

"Mama alinikataza."

"Mngeniambia."

"Ungefanya nini?"

"Ningeacha kufurahi!" Sauti ilimpasuka. "Kila Jumatano, Dada. Kila Jumatano nilikuwa nafurahi. Mama yangu anaisha hapo mgongoni kwangu, amefungwa kwangu na kitambaa, na mimi napiga mluzi. Nilimrukia Cheche kwa maneno. Nilisema abiria yule yule."

Nikachuchumaa nikamshika bega. Akainuka, akatazama chini kwenye kalavati, akatazama mahali mashine ilipozimia.

"Unaona hapa?" akasema. "Kutoka pale mpaka hapa, hizi hatua, ndiyo kazi yangu. Ringi, jeti, bomba, yote ni hapa. Kutoka hapa mpaka kule juu," akanyoosha spana kuelekea kileleni, "kule kote ni Mama."

Tuliisukuma pikipiki pamoja mpaka juu. Daktari alikuwa mwanamke mpole, umri wake mdogo kuliko wangu. Alitueleza kwamba dawa hazikufanya kazi iliyotarajiwa, na kuanzia sasa zitakuwa za kutuliza maumivu tu, lakini Mama aendelee kuja kila Jumatano ili wamchome sindano. Alisema kwa uangalifu, akitutazama mmoja mmoja, akingoja tulie. Tuliitikia tu kwa kichwa. Nadhani alituona watu wenye roho ngumu.

Tuliporudi Mama aliuliza kutoka kitandani, "Imepandaje na mtu mzima kama dada yako?"

"Imepanda, Mama," mdogo wangu akasema, akaenda uani kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Siku zilizofuata hakuimba. Chakula chake kilikuwa kinalala. Siku moja mchana hakuja kula kabisa, nikambebea sahani hadi gereji nikamkuta ameishusha mashine vipande vipande. Bomba la moshi lilikuwa sakafuni. Kabureta ilikuwa wazi. Ile jeti kubwa alikuwa ameitoa, anarudisha ile ndogo ya kiwandani.

"Sasa unafanya nini tena?"

"Naipunguza nguvu."

Nikaweka sahani juu ya debe la oili. "Umeingiwa na wazimu?"

"Dada, Mama naye anapima. Wewe ulidhani napima peke yangu? Kila tukifika juu ananiuliza, tumepanda na gia ya ngapi. Nilidhani anaipenda mashine." Alikuwa anafunga skrubu ndogo. "Sasa nataka Jumatano mashine ihangaike. Ihangaike kama zamani. Akiniuliza kulikoni, nitamwambia, Mama, umeanza kurudisha mwili."

"Huko ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Na nyinyi mlikuwa mnanipaka nini?"

Upande wa pili wa ukuta kelele za kuchomelea zilikuwa zimekoma. Cheche akatokea mlangoni, kinyago kipajini, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na mzaha. Aliinama akaliokota bomba la moshi.

"Vile vyuma vya ndani bado ninavyo," akasema. "Nitavirudishia." Akaondoka nalo.

Jumatano mashine ilitoka nyumbani kimya kama ilivyokuwa enzi za baba. Nilifunga mkanda. Siku hizo nilikuwa nauzungusha mara mbili. Walipoondoka nilikaa kwenye cherehani na sikushona kitu, nikifikiri labda kweli, labda uongo huu utampa Mama wiki kadhaa za matumaini, na matumaini nayo ni dawa, watu husema hivyo.

Walirudi alasiri. Mdogo wangu alimwingiza ndani, akanikonyeza kunionyesha kwamba mambo yamekwenda vizuri, akatoka kuifunika pikipiki. Nikaanza kumvua Mama koti, sweta, gauni la juu. Alikuwa amefumba macho.

"Mdogo wako amepanda mlima na breki," akasema.

"Breki gani, Mama?"

"Ya nyuma. Hata imepunguzwa nguvu, mashine ilitaka kwenda, mwenyewe anakanyaga breki. Nimekaa nyuma ya baba yenu ujana wangu wote, nisijue harufu ya breki inayoungua? Mguu wake wote ulikuwa unatetemeka." Akapumzika kidogo. "Tulipofika juu akaniambia ati nimerudisha mwili."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nashukuru. Ningemjibu nini?" Akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Ni mtoto mwema, namjua nilivyomzaa. Lakini njia imekuwa ndefu, mwanangu. Kila jiwe nalisikia kwenye mfupa, na leo nimelisikia mara mbili. Mwambie aachie breki. Nataka kufika."

Nilimfunika shuka. Nilitaka kumwambia mwambie mwenyewe, kwa nini kila neno zito katika nyumba hii nipewe mimi nilibebe. Sikusema. Kifungua mimba hupewa.

Nilimwambia mdogo wangu Jumanne, uani, akiwa anapaka mnyororo grisi. Nilimwambia maneno ya Mama kama alivyoyasema, bila kuyapunguza. Aliacha brashi ikadondoka.

"Amejua?"

"Kwamba anaisha, alijua kabla yako na kabla yangu."

"Amenikasirikia?"

"Amechoka tu."

Kisha akavua shati, akaingia ndani kuchukua boksi la spana. Alimwita Cheche, wakalitoa tena bomba la moshi, wakarudisha jeti kubwa, chujio lililotobolewa, wakailegeza breki ya nyuma mpaka gurudumu ukilizungusha linazunguka lenyewe na kuzunguka. Hawakuongea zaidi ya "nipe ile" na "shika hapa". Kabla giza halijaingia mashine ilikuwa nzuri kuliko ilivyowahi kuwa mikononi mwake.

Jumatano asubuhi nilimfunga Mama mgongoni kwa mwanawe. Hakuvaa sweta wala koti. Alivaa gauni moja tu, lile nililokata upya wiki ile, na mikono yake ilikuwa wazi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mdogo wangu alitazama ile mikono ilipopita kiunoni mwake ikashikana mbele. Aliitazama yote.

"Twende, baba," Mama akasema.

"Twende, Mama."

Nilisikia lile bomba likiunguruma mpaka mwisho wa mtaa, likapanda mlima, halikukohoa mahali popote, likapotea.

Waliporudi Mama alikuwa amelala kwa sindano, kichwa kimeegemea mgongo wa mwanawe, tukamwingiza ndani pamoja. Baadaye nilimkuta mdogo wangu amekaa kwenye ngazi ya mlango, hajavua kofia yake ya pikipiki. Nikakaa kando yake.

"Gia ya nne," akasema. "Kalavati, nguzo, jiwe, kibao, mpaka kileleni. Ya nne moja kwa moja, na mafuta nilikuwa bado sijayafungua yote."

Nikampangusa vumbi begani.

"Njiani niligeuka nyuma, Dada. Niligeuka kutazama kama bado yupo. Nilikuwa simsikii. Fundo la mkanda lipo tumboni kwangu, mikono yake naiona, na bado niligeuka."

"Alikuwapo."

"Alikuwapo." Akavuta pumzi. "Kule juu akaniuliza kama kawaida, tumefika na gia ya ngapi. Nikamwambia ya nne, Mama. Akasema, hongera, baba."

"Wewe ukasema nini?"

Akavua kofia, akaiweka magotini, akaishika kwa mikono miwili.

"Nikasema asante."